Amplifaya ya kihisi cha kaboni monoksidi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulikifungua kihisi cha kaboni monoksidi, gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Tulikuta elektrodi tatu na asidi ya sulfuriki, ileile ya betri ya gari. Gesi ikifika kwenye elektrodi ya kazi huungana na maji, hugeuka kaboni dioksidi, na kila molekuli huacha elektroni mbili. Mkondo unaopatikana ni mdogo mno: katika kihisi cha kawaida cha viwandani ni kama nanoampea 70 kwa kila sehemu moja ya gesi katika sehemu milioni za hewa.

Fundi aliyezoea redio akisikia mkondo mdogo hukimbilia kuukuza. Asiharakishe. Kihisi hiki hakisomi sawasawa mpaka elektrodi yake ya kazi ishikiliwe kwenye volti isiyoyumba ikilinganishwa na elektrodi ya rejea. Kukituliza ndiyo kazi kubwa ya saketi hii. Kukuza kunafuata, tena ni kazi nyepesi.

Tuseme tuna umeme wa volti 3.3, na kwa resista mbili tumepata volti 0.5 ya kuanzia. Opampu ya kwanza hupokea 0.5 hiyo kwenye mguu chanya. Mguu hasi huungwa na rejea, na tokeo huenda kwenye elektrodi ya tatu, iliyo mkabala na ya kazi. Opampu itaisukuma hiyo ya tatu juu au chini mpaka rejea isome 0.5. Rejea yenyewe isinyonywe mkondo: ikinyonywa inahama, na vipimo vyote vinahama nayo. Kwa hiyo chagua opampu ya CMOS, ambayo miguu yake huvuta pikoampea chache tu, na ukimaliza kulehemu isafishe bodi kwa spiriti, maana mabaki ya fluksi huvujisha umeme.

Opampu ya pili ndiyo inayokuza. Mguu chanya upewe 0.5 ileile, mguu hasi uungwe na elektrodi ya kazi kupitia resista ya omu 33, na resista ya kiloomu 47 itoke kwenye tokeo irudi mguu hasi. Gesi ikifika sehemu 500, mkondo ni mikroampea 35, na tokeo hupanda volti 1.645 juu ya 0.5. Bado tuko chini ya 3.3. Sehemu moja basi ni milivolti 3.3. Inaonekana nyingi, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi miligramu 4 kwa mita moja ya ujazo, yaani kama sehemu 3.5. Hizo ni milivolti 12 hivi tu, na joto la Dar es Salaam au Mombasa laweza kukisogeza kihisi kutoka sifuri hata pasipo gesi. Weka kipimajoto kando yake ili programu isahihishe.

Ile resista ya omu 33 wengi huiacha wakidhani haina kazi. Kwa umeme, kihisi ni kapasita kubwa sana. Bila resista hiyo kelele za opampu hukuzwa kupita kiasi. Ukiiongeza sana, kihisi kinakuwa kizito kuitikia. Kapasita ya mikrofaradi 1 sambamba na ile kiloomu 47 humalizia kuzituliza.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Saketi ikizimika, kihisi hupoteza utulivu wake, na umeme ukirudi kinaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kusoma vizuri. Dawa yake ni transista ya JFET ya chaneli P, kama J177, kati ya elektrodi ya kazi na rejea, lango lake likiungwa kwenye volti 3.3. Umeme ukiwepo imefunga. Ukikatika inazishikanisha elektrodi hizo mbili, nazo zinabaki sawa.

Kabla ya kuchomeka kihisi, ijaribu saketi tupu. Unganisha tundu la rejea na la elektrodi ya tatu, kisha weka resista ya kiloomu 100 kati ya tundu la elektrodi ya kazi na ardhi. Itavuta mikroampea 5, sawa na gesi sehemu 71, na tokeo lisome volti 0.735. Likisoma vingine, anza kuitafuta hitilafu kwenye zile resista mbili za volti 0.5.