Sakafu Yako Iko Juu Kiasi Gani? Kipimo Kidogo Kinachobadilisha Hesabu ya Mafuriko

Kila bwawa la Masinga linapojaa na maji kuanza kumwagika, tangazo linalowafikia wakazi wa bonde la Mto Tana ni lilelile: walio karibu na mto wahamie sehemu za juu. Tangazo ni la kweli na limeokoa maisha. Lakini mkazi wa kijiji kilicho kati ya Hola na Kipini ana haki ya kuuliza: juu ni wapi? Garissa mjini ni takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mto husafiri mamia ya kilomita ukipindapinda hadi baharini. Katika nchi tambarare namna hiyo, "juu" mara nyingi haionekani kwa macho. Tofauti kati ya nyumba iliyoingia maji na nyumba iliyobaki kavu huwa ni safu mbili au tatu za mawe chini ya sakafu.

Safu hizo za mawe ndizo mada ya makala haya. Wataalamu wanaokadiria hasara ya mafuriko wamegundua kwamba kujua maji yatafika wapi hakutoshi. Ni lazima pia kujua sakafu ya kila jengo iko juu kiasi gani kutoka ardhini, na ardhi yenyewe iko juu kiasi gani. Bila rekodi hizo, makadirio yanaweza kuonekana mazuri kwenye karatasi na bado yakapeleka magunia ya chakula, mahema na pesa kwenye kijiji kisichofaa.

Hasara hukadiriwaje kabla maji hayajafika?

Kazi huanza na mto. Vipimo vya maji vya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kama vile vya Garissa na Garsen, huonyesha maji yamepanda kiasi gani. Kwa kuwa maji yaliyopita Garissa huchukua siku kadhaa kufika sehemu za chini, kuna nafasi ya kupiga hesabu. Programu ya kompyuta husambaza maji hayo juu ya ramani ya ardhi na kutoa kina kinachotarajiwa katika kila eneo.

Halafu huja majengo yaliyopo hapo, na kwa kila aina ya jengo huwa kuna mstari unaoonyesha hasara inavyopanda kadiri kina cha maji kinavyoongezeka. Mistari ya aina hii imechorwa kwa sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2017, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichapisha mkusanyiko wa mistari ya mabara yote, Afrika ikiwemo.

Mistari hiyo, hata hivyo, haipandi polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Sentimita za kwanza ndani ya nyumba ndizo huwa ghali kuliko zote. Maji yakibaki sentimita tano chini ya mlango, familia italala ndani kwa wasiwasi, lakini italala. Yakipanda sentimita kumi na tano zaidi, godoro limelowa, unga umeharibika, na vitabu vya watoto vilivyokuwa sakafuni havisomeki. Kwa nyumba ya miti na udongo mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu udongo wa chini ya ukuta ukikaa ndani ya maji kwa siku kadhaa hulainika na kumeguka, na ukuta huanguka hata kama maji hayakuwahi kufika dirishani. Ndiyo maana anayepima sakafu huandika pia ukuta ni wa nini.

Kina kinachohitajika katika hesabu hii basi ni kina juu ya sakafu. Kina juu ya ardhi peke yake hakitoshi.

Wastani unavyodanganya

Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye nyumba 100. Nyumba 50 ni za udongo, na sakafu zake ziko sentimita 10 juu ya ardhi. Nyingine 50 zimejengwa kwa mawe juu ya msingi, sakafu zikiwa sentimita 70 juu ya ardhi. Mtu asiye na rekodi za nyumba moja moja atatumia wastani, yaani sentimita 40 kwa kila nyumba.

Maji yaje kwa kina cha sentimita 30. Hesabu ya wastani inasema hakuna nyumba hata moja iliyoingia maji. Ukweli ni kwamba nyumba 50 zina sentimita 20 za maji ndani, na zote ni za udongo. Hakuna atakayetuma boti, kwa sababu kompyuta imesema kijiji kiko salama.

Maji yapande hadi sentimita 60. Sasa hesabu inasema nyumba zote 100 zina sentimita 20 ndani, kwa hiyo msaada mdogo unagawanywa kwa wote sawasawa. Ukweli ni kwamba familia 50 zina maji ya nusu mita ndani na kuta zinaanza kuporomoka, huku familia nyingine 50 zikiwa kavu kabisa, ingawa zimezingirwa. Za kwanza zinahitaji mahali pa kulala na vifaa vya kujenga upya. Za pili zinahitaji maji safi ya kunywa na njia ya kutoka. Wastani haukukosea sana katika jumla, lakini umekosea karibu kila mlango.

Anayeumia katika makosa hayo mara nyingi ni yule mwenye sakafu ya chini, na sakafu huwa ya chini kwa sababu mwenyewe hakuwa na pesa za kuinua msingi.

Setilaiti na miti ya kando ya mto

Wengine watauliza kwa nini kazi hii isifanywe kutoka angani. Sehemu yake hufanywa. Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour cha Marekani kilipima mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika muda wa siku 11, na tangu 2014 takwimu hizo kwa bara la Afrika zinapatikana bure kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Bila takwimu hizo, ramani nyingi za mafuriko za nchi hii zisingekuwepo.

Kipande cha mita 30 kwa 30, hata hivyo, kinaweza kubeba boma zima, na kinapewa namba moja tu. Makosa ya kipimo chenyewe hufika mita kadhaa, wakati mjadala hapa ni wa sentimita. Tena rada hiyo haikuona ardhi kila mahali. Penye msitu iliona sehemu ya juu ya miti. Kwa Mto Tana hili si jambo dogo, kwa kuwa kingo zake zina msitu, miembe na mikoma. Ramani inaweza kuonyesha ukingo mrefu unaozuia maji mahali ambapo kwa kweli kuna miti mirefu iliyosimama kwenye ukingo mfupi. Kompyuta inauamini ukuta ambao haupo. Miaka ya karibuni watafiti wametoa ramani zilizojaribu kuondoa urefu wa miti na majengo, na zimesaidia, lakini hakuna setilaiti inayoingia chini ya paa la makuti na kuona sakafu ilipo.

Marekani, ambako bima ya mafuriko ya serikali ilianzishwa mwaka 1968, wenye nyumba wengi wamekuwa wakipimiwa na kupewa cheti cha mwinuko. Tangu Oktoba 2021, kimo cha sakafu ya kwanza ni mojawapo ya mambo yanayoamua bei ya bima ya kila jengo. Huku wakazi wengi hawana bima ya nyumba, kwa hiyo faida ya rekodi iko kwingine.

Pesa, shule na zahanati

Katiba ya 2010 inaipa kaunti jukumu katika kukabiliana na majanga, pamoja na serikali ya kitaifa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu hazina ya dharura ya kaunti, lakini malipo yake katika mwaka mmoja wa fedha hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Kiasi hicho huisha haraka. Mafuriko yaliyokuja mwisho wa 2023 yalifuatwa na mengine Aprili na Mei 2024, na familia ambazo hazijamaliza kukausha nguo zilihama tena. Kila shilingi iliyoenda kwa nyumba kavu ni shilingi iliyokosekana kwa nyumba iliyoanguka.

Rekodi za sakafu husaidia pia kuchagua mahali pa kukimbilia. Shule ndizo hugeuzwa kambi kila mara, na ni aibu kwa familia kuhamishiwa darasa ambalo nalo litaingia maji siku ya tatu. Zahanati ni vivyo hivyo: jokofu la chanjo huwekwa sakafuni, na sentimita 30 za maji zinatosha kuharibu mota yake. Kama kazi ya kupima haiwezi kufanyika kila mahali kwa pamoja, majengo ya umma ndiyo ya kuanzia. Ni machache, yanajulikana, na yakikosewa wengi huumia.

Kipimo kinavyochukuliwa

Kupima kimo cha sakafu kutoka ardhini ni kazi ya dakika chache. Tepu ya fundi huwekwa kwenye kizingiti cha mlango mkuu na kusomwa hadi ardhi iliyo karibu na ukuta. Penye mteremko, upande wa chini ndio hupimwa. Kulinganisha nyumba mbili zilizo mbali kidogo, mafundi wana njia ya siku nyingi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja, na tofauti ya ardhi husomwa hapo.

Kimo cha ardhi yenyewe juu ya usawa wa bahari ni kazi ya wapima ardhi na mitambo yao. Simu ya mkononi haifai, maana GPS yake hukosea mita kadhaa kwenda juu au chini.

Kuna kipimo kingine ambacho wakazi wanacho na wataalamu hawana, nacho ni alama ya maji ukutani. Mstari wa tope uliobaki baada ya mafuriko unasema maji yalifika wapi hasa, na hesabu ya kompyuta isiyolingana nao hurekebishwa. Wazee wengi bado wanaweza kuonyesha El Niño ya 1997 ilifika kwenye tawi gani la mwembe. Ushahidi huo ni wa maana, mradi mti haujakatwa.

Rekodi hizi huchakaa. Nyumba hujengwa upya, na Mto Tana wenyewe umebadilisha mkondo mara nyingi katika delta. Kipimo cha miaka kumi iliyopita huenda kinazungumzia kijiji ambacho kimeshahama.

Hofu ya kuandikwa

Mtu akija na tepu na daftari, wakazi huuliza kama ni mpango wa kuwahamisha. Swali hilo ni la haki, hasa mahali ambapo ardhi nyingi ni ya jamii na bado haijasajiliwa. Kimo cha sakafu hakithibitishi wala hakiondoi umiliki wa ardhi. Hata hivyo, mahali nyumba ilipo pamoja na jina la mwenyewe ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeikusanya aeleze inatumika kwa kazi gani, na inampa mkazi haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe. Mkazi aulize kitambulisho cha anayepima, aulize karatasi inakwenda wapi, na asiharakishwe.

Wenye nyumba ambazo kuta zake bado zina mstari wa 2024, na wanaojiandaa kupiga plasta au kukandika upya, wapime kwanza kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, na kutoka ardhini hadi sakafuni. Namba zote mbili ziandikwe pamoja na tarehe maji yalipofika juu kabisa, ikikumbukwa, na picha ipigwe tepu ikiwa ukutani. Nakala moja ibaki nyumbani, mahali pa juu, na nyingine ipelekwe kwa mzee wa kijiji au ofisi ya msimamizi wa wadi.