Shafti Inayopunguzwa Unene Ili Isikatike

Gari aina ya Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na mfululizo wake wa kale, wenye springi za mabamba, uliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Mengi ya magari hayo yangali yakitembea katika Afrika Mashariki, hasa mahali ambapo barabara hukoma na udongo mweusi huanza. Gari linapozeeka kuliko ghala la vipuri vyake, mwenye gari huenda kwa mkerezaji wa chuma akiwa na kipande kilichovunjika mkononi, akaomba atengenezewe kingine kama hicho. Kipande kinachopelekwa mara nyingi ni shafti ya ekseli ya nyuma, na ombi hilo la "kingine kama hicho" lina hatari kuliko linavyoonekana.

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikafika kwenye difu iliyo katikati ya ekseli, na huko ikagawanywa kwa shafti mbili, kila moja ikizungusha gurudumu lake. Katika magari haya uzito wa gari haubebwi na shafti. Hubebwa na habu, ambayo huzunguka kwa beringi juu ya bomba la ekseli. Kazi ya shafti ni moja tu, nayo ni kusokotwa. Kwa sababu hiyo inaweza kuchomolewa bila ya kuinua gari kwa jeki, na ikikatika gurudumu halidondoki.

Hata hivyo kukatika kwake si jambo dogo. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, bali hushika mwanzo wa shafti ndefu inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye difu. Shafti moja ya ekseli ikikatika, difu hukiruhusu kipande kilichobaki kuzunguka bure upande mmoja huku gurudumu zima likizunguka upande wa pili. Breki inakuwa imeshika, na gari linateremka mlimani vilevile, isipokuwa magurudumu ya mbele nayo yawe yameunganishwa na injini. Dereva aliyeegesha penye mteremko akaenda kutazama kilicholia chini ya gari anaweza kupoteza maisha kwa kutojua jambo hili.

Shafti hubeba nguvu kiasi gani? Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukadiria bila ya kujua lolote kuhusu injini, kwa kuwa gurudumu likishindwa kushika ardhi huteleza, na huo ndio mpaka wa mzigo wa kawaida. Tuseme gurudumu moja limebeba uzito wa niutoni 6,000, msuguano wa mpira na ardhi kavu ni 0.8, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.38. Nguvu ya kusokota itakuwa 6,000 × 0.8 × 0.38, yaani niutoni-mita 1,824. Sasa tuseme sehemu nyembamba kuliko zote katika shafti ina kipenyo cha milimita 27. Mkazo katika ngozi ya shafti hupatikana kwa kuzidisha nguvu hiyo kwa 16, kisha kugawa kwa π na kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tatu. Jibu ni karibu niutoni 470 kwa kila milimita ya mraba.

Chuma laini kinachouzwa madukani kwa kazi za milango na madirisha huanza kupinda kisirudi kikifika karibu 150 katika kusokotwa. Shafti iliyokerezwa kwa chuma hicho inaweza kung'aa na kuingia mahali pake bila kasoro, lakini itasokotwa kama mua siku ya kwanza ya matope. Kinachotakiwa ni aloi yenye kaboni kama asilimia 0.4, pamoja na nikeli, kromi na molibdeni. Aloi hiyo ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 840 za Selsiasi, ikazimishwa ndani ya mafuta, kisha ikapashwa tena kwa moto mdogo ili kuondoa ukavu wa kuvunjika, huweza kustahimili zaidi ya niutoni 1,000 katika kuvutwa, ambazo ni sawa na 580 hivi katika kusokotwa. Jicho haliwezi kutofautisha vyuma hivi viwili. Ndiyo maana mkerezaji makini hauliza umbo kwanza, huuliza chuma.

Nafasi kati ya 470 na 580 si kubwa. Isitoshe, hesabu ile ni ya gari linalovuta taratibu. Gurudumu linalozunguka kwa kasi hewani kisha likagusa mwamba ghafla huleta kishindo, na kishindo hakipimwi kwa nguvu peke yake, bali kwa nishati ambayo ni lazima imezwe na kitu fulani. Hapa ndipo penye jambo ambalo mafundi wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza.

Ncha ya shafti inayoingia ndani ya difu ina meno yaliyochongwa kwa urefu, kumi katika ekseli za aina ya kale. Tuseme shafti ina kipenyo cha milimita 30 na mashina ya meno yana 27. Kwa kuwa uimara hufuata kipeo cha tatu, sehemu ya meno ina asilimia 73 tu ya uimara wa mwili wa shafti. Kwa hiyo milimita tatu za ziada katika mwili hazisaidii kitu, maana shafti itakatikia kwenye meno kabla mwili haujafikia mwisho wa uwezo wake. Kisha kuna ubaya zaidi. Mwili mnene haupindi kwa urahisi, na kishindo chote huishia penye mfupi na mwembamba, pale meno yanapokoma.

Basi mtengenezaji hodari huupunguza mwili wote wa shafti hadi milimita 27. Pembe ya kusokotwa hufuata kipeo cha nne cha kipenyo, na 30 ikigawanywa kwa 27 kisha ikapandishwa kipeo cha nne hutoa 1.52. Yaani chini ya nguvu ileile mwili sasa unajisokota nusu zaidi ya mwanzo, na hivyo unameza nishati nusu zaidi, bila ya kupoteza uimara wowote uliokuwa ukitumika. Mvuvi anayetupa nanga anaelewa: kamba ndefu inayonyumbuka hustahimili wimbi linalokata mnyororo mfupi.

Kazi yenyewe katika karakana huanza kabla chuma hakijakolezwa, kikiwa bado laini. Kwa kipenyo cha milimita 30 na mwendo wa kukata wa mita 18 kwa dakika, mashine ya kukerezea huzungushwa mara 190 hivi kwa dakika. Mkerezaji huacha unene kidogo wa akiba, kwa sababu moto hupindisha shafti ndefu. Ni vyema ining'inizwe wima tanuruni kuliko kulazwa. Kupima nako kuna mtego. Shafti iliyotoka kukatwa ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya chumba huwa imetanuka kwa milimita 0.014, na mtu akiikereza mpaka kipimo kamili ikiwa moto ataikuta imepwaya ikipoa.

Kuchonga meno kumi ni somo zuri la hesabu. Kifaa cha kugawanyia duara kwa kawaida kina gia ambayo mkono wake huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara moja. Kwa meno kumi, mkono huzungushwa mara nne kamili baada ya kila mfuo. Kwa meno 24, kama yalivyo katika ekseli nyingine, ni mara moja na theluthi mbili, na hapo inahitajika sahani yenye matundu ili theluthi zisikisiwe.

Linabaki suala la kona. Mwezi Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ajali hiyo iliwafanya wahandisi wachunguze kwa nini chuma kizima hukatika chini ya mzigo ambacho kimeubeba mara elfu nyingi. August Wöhler wa Prussia alilifanyia majaribio ya miaka mingi, akathibitisha uchovu wa metali: ufa mdogo huzaliwa, hukua kila mzunguko, hata sehemu iliyobaki ikashindwa. Ufa hupenda kuzaliwa penye kona kali, au kwenye mkwaruzo wa kisu cha kukatia. Kwa hiyo kila mahali unene unapobadilika pawe na mviringo laini, na mwili usuguliwe hadi alama za kukereza zitoweke. Uso wa kipande kilichovunjika kwa uchovu huonyesha mistari iliyopindana, mithili ya ile inayoachwa mchangani na maji yanayopwa. Mwalimu anayetaka kuonyesha mvunjiko wa namna nyingine na asokote kipande cha chaki kwa vidole viwiwili vya kila mkono: kitakatika kwa mstari wa hesi wenye pembe ya nyuzi 45, kama ikatikavyo shafti iliyokolezwa ikawa kavu mno.

Kabla ya kuifunga shafti mpya, mafundi wengine huchora kwa rangi mstari mmoja ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Baada ya masika shafti huchomolewa na kutazamwa. Mstari ukiwa bado umenyooka, hurudishwa. Ukiwa umezunguka shafti kama mzabibu unaopanda mti, chuma kimekwisha kuvuka mpaka wake, hata kama hakuna ufa unaoonekana, na shafti hiyo hairudishwi tena ndani ya ekseli.