Dozi umemaliza, homa imerudi: dawa inafikaje kwenye nyongo?

Jirani yetu mmoja hapa Mangapwani alimeza antibaotiki siku tano. Homa ikashuka, kisha ikarudi na mtetemeko, macho yakawa ya njano. Watu wakasema dawa feki. Kumbe dawa ilikuwa nzima, njia ndiyo iliyoziba.

Hebu tuifuate dawa. Ukimeza kidonge, dawa inafyonzwa kwenye utumbo, inaingia kwenye damu na kupita kwenye ini. Ukichomwa sindano, damu inaifikisha huko huko. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Seli zake zina protini zinazofanya kazi kama wachukuzi wa bandarini: upande mmoja zinapokea dawa kutoka kwenye damu, upande wa pili zinaishusha kwenye nyongo.

Ila wachukuzi hawa hawabebi kila mzigo. Seftriaksoni wanaibeba vizuri. Sehemu yake isiyo ndogo hutoka mwilini kwa njia ya nyongo. Jentamisini hutoka zaidi na mkojo. Ndiyo maana daktari anajiuliza maswali mawili: dawa hii inaua bakteria waliopo? Na je, inafika walipo?

Sasa jiwe likiziba mrija wa nyongo, au mnyoo mkubwa wa tumbo ukijipenyeza humo, nyongo haitoki. Presha inapanda ndani ya mrija, na ini linashindwa kumimina. Hata dawa nzuri inaingia kidogo tu. Mbaya zaidi, presha hiyo inawasukuma bakteria waingie kwenye damu, na hapo mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo tiba ni mbili kwa pamoja: antibaotiki ya kupambana na bakteria, hasa waliokwisha kuingia kwenye damu, na kufungua njia, ama kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ama sindano inayopita kwenye ngozi, ama upasuaji. Jirani yetu alipozibuliwa, homa ilikwisha.

Mwaka 1877 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza dalili tatu: homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia, na macho ya njano. Ukiziona pamoja, usirudi duka la dawa kununua dozi nyingine. Panda gari uende hospitali siku hiyo hiyo, upimwe damu na ultrasaundi.