Safisha Jina la Mkopo Kabla ya Kutafuta Nyumba ya Kupanga



Katika miji yetu ya Lindi, Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, mtu anayetafuta chumba mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi: miezi sita ni shilingi 240,000. Mvuvi, mama lishe au mkulima wa ufuta ni nadra kuwa na fedha hiyo mkononi, hivyo hukimbilia kikundi, SACCOS au benki. Hapo ndipo deni la zamani humfungia mlango. Familia hubaki imejibana kwa ndugu, au watoto huhamishwa shule katikati ya muhula.

Mkopeshaji anajuaje? Kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2012, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kampuni zenye leseni huchakata taarifa hizo na kuwapa wakopeshaji. Taarifa ni za pande zote mbili: anayelipa kwa wakati hujijengea sifa, na anayechelewesha huonekana. Mkopo mdogo wa simu unaotolewa na benki nao ni mkopo. Kwenye kikundi hakuna kanzidata, lakini daftari la marejesho husomwa mbele ya wanachama wote.

Tunashauri hatua zifuatazo, ikiwezekana miezi kadhaa kabla ya kuhama:

1. Andika madeni yote: benki, simu, kikundi na duka. Deni lisiloandikwa halilipiki.

2. Omba kuona taarifa yako ya mikopo. Mkopaji ana haki ya kudai isahihishwe, kwa mfano kama deni lililokwisha kulipwa bado linasomeka.

3. Mfuate mkopeshaji kabla hajakufuata. Omba ratiba mpya inayolingana na msimu wako: mauzo ya ufuta katikati ya mwaka, au korosho kuanzia Oktoba.

4. Maliza kwanza madeni madogo yaliyopitiliza muda, na udai barua ya kumaliza deni. Kumbukumbu ya kuchelewa haifutiki siku hiyo hiyo. Hufunikwa na marejesho mapya yanayofika kwa wakati.

5. Usizibe deni kwa deni. Mikopo ya "kausha damu" humaliza nguvu ya kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Uliza leseni kwanza.

6. Weka akiba ya kodi kidogo kidogo. Mwenye kodi ya miezi mitatu mkononi atakopa nusu tu ya ile ya miezi sita.

Kamati za sharika zina nafasi yao. Barua ya utambulisho kwa mwenye nyumba iseme kweli tu. Mjumbe anayeombwa kuwa mdhamini aelewe kwamba mkopaji akishindwa, deni litamgeukia yeye. Madeni ya watu yasitangazwe ibadani wala vikaoni. Anayeaibishwa hujificha, na anayejificha halipi.

Kwa wafadhili wetu, tunasema hivi: kumlipia mtu kodi humsaidia kwa miezi sita, lakini mafunzo ya kutunza daftari na kupanga marejesho humwezesha kukopesheka tena kwa jina lake mwenyewe. Katika vikundi vya pwani yetu, Wakristo na Waislamu hukaa meza moja, na faida hiyo huwafikia wote.

Mithali 22:1 inaweka sifa njema mbele ya utajiri. Tuwasaidie jirani zetu kuirudisha sifa hiyo mapema, kabla ya kubisha hodi kwa mwenye nyumba.