Viini Viwili Vilivyofungwa

Prosesa ndiyo ipigayo hesabu zote ndani ya kompyuta. Mwezi Juni 2009 kampuni ya AMD ya Marekani ilitoa sokoni prosesa iitwayo Phenom II X2 550 Black Edition, yenye viini viwili, kila kimoja kikienda mapigo milioni 3100 kwa sekunde, yaani megahezi 3100. Haukupita muda ikabainika kwamba kipande chenyewe cha silikoni kilikuwa na viini vinne. Viwili vilikuwa vimefungwa kiwandani.

Kwa nini vifungwe? Baadhi ya vipande vilitoka na kiini kibovu, na badala ya kutupwa viliuzwa kwa bei nafuu. Vingine vilikuwa vizima kabisa, ila soko lilitaka prosesa za bei ya chini. Mnunuzi hakuwa na alama ya kumwonyesha amepata kipi.

Ufunguo ulikuwa katika ubao mkuu. Kwenye mbao zenye chipu ya SB750 au SB710, mtu aliingia katika programu ya kuwashia mashine, yaani Bayosi, akawezesha kipengele cha ACC, kisha akaiwasha mashine upya. Akiwa na bahati, skrini ilimsalimu kwa jina jipya: Phenom II X4 B50.

Kuongeza kasi ni jambo jingine. Prosesa hii hupokea mapigo ya megahezi 200 na kuyazidisha mara 15.5, na katika toleo la Black Edition kizidishi hicho kiliachwa wazi. Anayeanza na apande nusu nusu: 16 ni megahezi 3200, 16.5 ni 3300. Asikimbilie kuongeza volti. Volti zikipanda kwa asilimia 10, umeme unaogeuka joto hupanda kwa asilimia 21, hata kabla ya kuhesabu kasi.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Mashine ikiwaka na kuonyesha viini vinne, mtu hushangilia kana kwamba kazi imekwisha. Kiini kibovu hakina desturi ya kujitangaza. Chaweza kufanya kazi siku nzima bila dosari, halafu kikajumlisha vibaya mara moja, na kosa hilo likahifadhiwa katika diski kama ukweli. Ndiyo maana hutumika programu ya Prime95, ambayo huipa prosesa hesabu nzito zenye majibu yanayojulikana tangu mwanzo, na kutoa taarifa pindi jibu linapotofautiana. Iachwe ifanye kazi usiku kucha. Dakika kumi hazithibitishi kitu.

Tena upo mtego: viini vikifunguliwa kwa njia hii, vipimajoto vyake vya ndani huacha kuaminika. Mtu husoma nyuzi za uongo akaenda kulala. Afadhali kutazama kipimajoto cha ubao mkuu, na kusafisha feni vumbi kwanza.

Kompyuta ya kituoni, yenye majalada ya kesi au orodha ya silaha, isijaribiwe hata kidogo. Jaribio hili ni la mashine yako mwenyewe, na prosesa hii leo hupatikana ya mtumba tu. Nakala za mafaili ziwekwe kando mapema.

Mashine ikikataa kuwaka, ichomolewe umeme, na betri ndogo ya ubao itolewe kwa muda ili mipangilio ya kiwandani irudi. Wapo waliogundua kwamba kiini kibovu ni kimoja tu. Baadhi ya mbao ziliwaruhusu kukizima peke yake, wakaendelea na vitatu.