Mbio za ngalawa Unguja: Ndugu nyumbani, wapinzani baharini
Kaa na wazee Forodhani, Mji Mkongwe, watakusimulia mbio za ngalawa utadhani zilikuwa jana.

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo, aghalabu la mwembe, wenye tanga moja na marengu mawili, yaani mbao za pembeni zinazouzuia usipinduke. Upepo wa kusi ukikaza, baharia hupanda kwenye mti wa pembeni, upande unakotoka upepo, awe uzito. Akichelewa, rengu la pili linazama na mwendo unapotea.

Hapo ndugu hupimana: kaka chombo hiki, mdogo wake kile. Aliyeshindwa anataniwa hadi mbio zijazo.

Lakini utani una mpaka. Kesho ngalawa zilezile zinaenda kuvua, na ukipinduka, wa kwanza kukufikia huenda ni ndugu uliyemshinda jana.