Mwenye kujitolea kuokoa watu tumpokee kabla ya ajali

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, hebu tuifuate barabara itokayo Mpanda, mkoani Katavi, kuelekea kusini. Ukishapita Sitalike unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na ukitokea upande wa pili unafika Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe. Sasa tuseme ni usiku wa mvua, na basi limepinduka karibu na Kibaoni. Je, nani atafika kwanza? Makao ya zimamoto ya mkoa yako Mpanda, ng'ambo ya hifadhi. Atakayefika kwanza ni mkulima aliyesikia kishindo, kijana wa bodaboda, na mama auzaye chai kando ya barabara.

Ndivyo ilivyo karibu kila mahali nchini, hata mijini. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikitaka kutua Bukoba. Ndani mlikuwa na watu 43. Walikufa 19, na 24 wakasalimika. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, aliumia katika kazi hiyo, akalazwa hospitali. Taifa lilimshukuru. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo na ajira.

Hapana shaka lilikuwa jambo jema. Lakini baadaye yakazuka mabishano juu ya nani hasa aliyeufungua mlango wa ndege. Mabishano hayo hayakumfaa yeyote. Wavuvi walioshika makasia siku ile walikuwa wengi, na wengi wao majina yao hayakusikika redioni wala kuandikwa magazetini.

Hapa ndipo penye kasoro yetu. Mwenye kujitolea tunamtambua baada ya maafa. Shukrani za namna hiyo, hata zikiwa kubwa, humfikia mmoja na kuwapita kumi. Tena haziwasaidii majeruhi, kwa sababu zinakuja wakati kazi imekwisha.

Ndugu msikilizaji, moyo wa kusaidia peke yake hautoshi. Majeruhi aliyeumia uti wa mgongo akivutwa mikono na miguu kutoka katika basi, anaweza kupooza maisha yake yote kwa mikono ya mtu aliyemtakia mema. Anayevuja damu nyingi anahitaji mtu ajuaye kulikandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Aidha, pahitajika mtu ambaye umati utamsikiliza. Tusisahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka wakichota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mahali kama pale, mtu anayejulikana na kuheshimiwa, mwenye sare inayoonekana, anaweza kusema "rudini nyuma" na baadhi wakarudi.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana anayejitokeza kutaka kusaidia ndiye mgeni huyo, na tumpokee kama mgeni.

Kwanza, jina lake liandikwe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa tangu taifa hadi ngazi ya chini kabisa. Kamati ya kijiji au mtaa iwe na daftari la wanaojitolea, na majina yao yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi. Kibaoni, kama jina lenyewe linavyosema, ni penye kibao. Majina hayo hayatakosa pa kuwekwa.

Pili, afundishwe. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, kina uzoefu wa miaka mingi wa kufundisha huduma ya kwanza. Zimamoto nao hutoa elimu kwa wananchi. Mgeni apewe mwenzake mzoefu wa kufuatana naye. Aelezwe pia asichopaswa kufanya, kama kujitosa majini bila kamba au kuingia penye moshi peke yake. Ajue kwa moyo kwamba zimamoto hupigiwa simu namba 114.

Tatu, apewe chombo cha kazi. Reflekta, glavu, bendeji na machela si mali nyingi kwa halmashauri. Lakini kwa kijana aliyejitolea, kuvalishwa reflekta ile mbele ya mkutano wa kijiji ni kuambiwa kwamba tunakujua na tunakutegemea. Nchini Chile, ambako vikosi vya zimamoto vya kujitolea vilianza Valparaíso mwaka 1851, wazimamoto hadi leo hawalipwi mshahara. Wanachopewa ni mafunzo, sare na heshima ya watu wao.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, tujue mapema nani atamtunza akiumia. Mwajiriwa akiumia kazini upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri ndio wanaouchangia. Mvuvi aliyejitosa ziwani kumwokoa asiyemjua hana mwajiri wa kumchangia. Je, akivunjika mguu, watoto wake watakula nini? Halmashauri zinaweza kuanza kwa kuwakatia wanaojitolea bima ya afya. Na wale waliobeba maiti usiku kucha wasiachwe warudi nyumbani kimya kimya. Waitwe, wasikilizwe, na asiyepata usingizi apelekwe kwa mganga.

Ndugu msikilizaji, tarehe 5 Desemba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Siku hiyo isiishie kwenye hotuba. Kila mtaa uulizane: kwetu wanaojitolea ni nani, na wanaitwa nani? Mtaa usioweza kujibu swali hilo leo utalijibu siku ya ajali, na siku hiyo tutakuwa tumechelewa.